Nahodha Nemo na Daftari Lililochanwa

Tulipokuwa wavulana wa internati, misioni kwetu kulikuwa na kabati moja la vitabu vya Kifaransa. Vingi vilikuwa vya sala na vya hesabu. Lakini vilikuwamo pia vitabu vichache vya safari, navyo tulivigombania kila Dominika baada ya Misa. Kimoja kilikuwa cha Mfaransa Jules Verne, kiitwacho Vingt mille lieues sous les mers, kilichotoka mwaka 1869 na 1870. Ndani yake yumo Nahodha Nemo, bwana wa Nautilus, meli iendayo chini ya maji. Nahodha huyo anawachukia wakubwa wa dunia na kuwasaidia wanaoonewa, lakini msomaji hapati kujua ametoka nchi gani, wala nani aliyemdhulumu. Hata jina lake ni fumbo, maana Nemo kwa Kilatini ni "hakuna mtu". Mwisho wa kitabu meli yake inavutwa na mzunguko mkubwa wa maji pwani ya Norvegia, na mwandishi anatuacha hapo. Amekufa au yu hai? Kitabu hakisemi.

Fikirini basi wavulana thelathini wenye kitabu kimoja cha namna hiyo! Tulibishana hata kengele ya kulala ilipolia.

Mwenzetu mmoja hakutosheka na mabishano. Alichukua daftari la hesabu, akaandika sura zake mwenyewe. Katika sura hizo Nemo hakufa. Alikuwa mtu wa bara letu, mwana wa mfalme, ambaye wafanya biashara ya watumwa walichoma mji wake na kuwachukua ndugu zake. Baada ya miaka mingi baharini aliingia na Nautilus katika mlango wa mto Kongo, akapanda nao kwenda kwao, ziwani Tanganyika. Kila jioni mwenzetu alitusomea ukurasa mmoja au miwili. Tulimsikiliza kwa utulivu kuliko tuliokuwa nao wakati wa rozari, Mungu atusamehe.

Shida ya kwanza ililetwa na mvulana aliyekulia Matadi. Alisimama akasema: "Meli haipiti. Toka Matadi hata juu kule maji ni maporomoko matupu. Kwa nini unadhani walijenga reli?" Naye alisema kweli. Reli ile ilijengwa kutoka mwaka 1890 hata 1898, kwa sababu hiyo hiyo, na watu wengi walikufa katika kazi yake. Mwandishi wetu alijibu kwamba Nautilus huenda chini ya maji. Yule wa Matadi akamwambia: "Hata chini, jiwe ni jiwe." Tukacheka, lakini hadithi iliendelea.

Shida ya pili iliivunja. Padri mmoja alirudi kutoka likizo, akaleta kitabu kingine cha Jules Verne, L'Île mystérieuse, kilichotoka mwaka 1874 na 1875. Humo Nemo anaonekana tena, mzee wa nywele nyeupe, katika pango la kisiwa, karibu ya kufa. Mwisho anasema yeye ni nani: ni Dakkar, mwana wa mfalme wa Uhindi, aliyepigana na Waingereza katika vita vya mwaka 1857, akapoteza nchi yake na jamaa yake. Basi, yamekwisha. Si mtu wa Tanganyika. Sisi wenzake tulipiga kelele, tukamwita mwongo, tukamwimbia. Yeye alikwenda nyuma ya jiko, akalichana daftari lake ukurasa kwa ukurasa, akalitia motoni.

Tangu siku ile swali hili halikututoka. Je, mwenzetu alisema uwongo? Na kama hakusema uwongo, alichoma nini?

Wasomaji wengine watasema hili ni jambo la watoto. Lakini leo vijana wetu wengi wanafanya kama yule, tena kwa simu za mkononi. Wakipenda hadithi hawangoji mwenyewe aimalize. Wanairefusha, wanawapeleka watu wake mahali pengine, wanawaoza, wanawafufua. Twaweza kuziita hadithi za nyongeza. Katika Uingereza, mwanamke J. K. Rowling alitoa vitabu saba vya mvulana Harry Potter tangu 1997 hata 2007. (Wazazi wengine hawavipendi kwa ajili ya uchawi ulio ndani, hilo si shauri letu leo.) Katika kitabu cha sita, mwaka 2005, mwalimu Snape anamwua mkuu wa shule yake. Miaka miwili dunia nzima waliandika: huyu Snape ni mhaini, wengine wakaandika: sivyo, ni mtu mwaminifu, wengine tena wakaandika kwamba mkuu hakufa. Mwaka 2007 kitabu cha saba kikatoka. Mkuu amekufa kweli, na Snape alikuwa mwaminifu tangu zamani. Kwa siku moja hadithi elfu na elfu zikawa si sawa.

Tulianze swali katika mzizi wake. Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika kitabu kizima juu ya uwongo. Alifundisha kwamba mwongo ni yule anayesema kinyume cha yaliyo moyoni mwake ili amdanganye mwingine. Anayekosea kwa kuamini asemalo anakosea tu. Na mwenye kutunga mfano, msikilizaji akijua ni mfano, hadanganyi mtu. Kwa kipimo hicho mwenzetu hakuwa mwongo hata kidogo. Sote tulijua daftari ni lake, si la Jules Verne. Jioni zile zote hakudanganywa hata mmoja wetu.

Tena tuangalie alivyofika kwenye wazo lake. Katika kitabu cha kwanza, pwani ya Seilani, Nemo anamwokoa Mhindi maskini mpiga mbizi wa lulu asiliwe na papa, anampa mfuko wa lulu, kisha anamwambia profesa aliye pamoja naye kwamba mtu yule ni wa nchi ya wanaoonewa, na kwamba yeye Nemo ni wa nchi hiyo hata mwisho. Sisi wengine tuliupita ukurasa huo mbio kwa ajili ya papa. Mwenzetu alisimama hapo. Alisoma "nchi ya wanaoonewa", akafikiri juu ya babu zake. Je, alisoma vibaya? Twaona alisoma vizuri kuliko sisi, ijapokuwa jibu lilikuwa lingine.

Na hapa kuna jambo ambalo hatukulijua wakati ule. Jules Verne mwenyewe, alipoanza kuandika, alimfikiria Nemo kuwa Mpolandi, ambaye jamaa yake iliuawa na Warusi. Mchapishaji wake, Hetzel, alikataa, maana hakutaka kuwaudhi Warusi. Kwa hiyo Nemo akaachwa bila nchi, na baada ya miaka kadhaa akawa Mhindi. Hata tarehe za vitabu viwili hazipatani. Katika kile cha kwanza Nautilus iko baharini toka mwaka 1866 mpaka 1868. Katika cha pili, nahodha huyo huyo amekaa miaka mingi peke yake kisiwani, naye anakufa mwaka 1868. Ilibidi kutia maneno madogo chini ya ukurasa kumwonya msomaji kwamba tarehe hazilingani. Basi mwenye hadithi mwenyewe alijikanusha, wala hakuna aliyemwimbia nyuma ya jiko!

Kwa hiyo tupambanue waamuzi wawili. Wa kwanza ni mwenye hadithi. Akisema Nemo ni Mhindi, Nemo ni Mhindi, kwa sababu Nemo ni wake, hana nchi nyingine isipokuwa kitabu. Lakini neno lake latawala ndani ya kitabu tu, na kesho aweza kuligeuza. Wa pili ni dunia yenyewe, kazi ya Mungu. Maporomoko ya Matadi hayakuumbwa na Jules Verne, naye hawezi kuyaondoa kwa kalamu. Ya mwenye hadithi twayapokea kwa adabu, kama mgeni anavyopokea kiti alichopewa. Ya dunia twayapokea kwa sababu ndivyo yalivyo. Watu wengi wanawachanganya waamuzi hao wawili. Wanatumia hata neno la Kanisa, kanuni, yaani orodha ya vitabu vya Biblia, kwa ajili ya hadithi za kupitisha jioni. Mzaha huo una historia yake. Mwaka 1911, katika Oxford, kijana Ronald Knox alisoma mbele ya wenzake andiko la kuchekesha juu ya mpelelezi Sherlock Holmes, akizichungua hadithi zake kama wataalamu wanavyochungua Maandiko. Baadaye Knox akawa padri Mkatoliki, akafasiri Biblia nzima kwa Kiingereza. Yeye alijua anacheza. Wengine baada yake wamesahau, na tumewaona watu wazima wakitukanana juu ya sura fulani ya hadithi kama kwamba ni Injili.

Mtu atauliza: Kama mwenye hadithi ana haki hiyo, ana haki pia ya kumwaibisha aliyemrefushia? Tunajibu kwa habari ya Mhispania Miguel de Cervantes. Mwaka 1605 alitoa hadithi ya Don Quixote, mzee aliyejidhani askari wa farasi wa zamani. Mwishoni alidokeza kwamba mzee huyo alikwenda tena safari, akafika Zaragoza kwenye michezo ya mikuki. Miaka ikapita bila kitabu cha pili. Mwaka 1614 mtu aliyejificha chini ya jina la Alonso Fernández de Avellaneda akatoa kitabu cha pili chake mwenyewe, naye alimpeleka Don Quixote Zaragoza, kama Cervantes alivyodokeza. Mpaka hapo, kosa lake liko wapi? Lakini katika dibaji yake alimcheka Cervantes kwa uzee wake na kwa mkono wake uliolemazwa, mkono ambao aliumizwa katika vita vya Lepanto mwaka 1571.

Cervantes alikuwa bado anaandika kitabu chake cha pili. Alipopata habari akageuza njia. Katika kitabu chake cha 1615, Don Quixote akiwa nyumba ya wageni anasikia kwamba kuna kitabu cha uwongo juu yake, kinachosema amekwenda Zaragoza. Basi anaapa hatakanyaga Zaragoza, anakwenda Barcelona. Tena Cervantes akamchukua mtu wa kitabu cha Avellaneda, Don Álvaro Tarfe, akamleta katika kitabu chake mwenyewe, akamwapisha mbele ya mkubwa wa kijiji kwamba Don Quixote aliyemjua zamani si huyu wa kweli. Hatujasoma kisasi kingine cha kuchekesha namna hiyo. Na mwisho akamwua Don Quixote kitandani, amerudiwa na akili zake, ili mtu mwingine asimchukue tena. Mwaka uliofuata Cervantes mwenyewe akafa.

Angalieni basi. Hadithi ya Avellaneda ilikanushwa kwa makusudi, na twaona alistahili. Hatusemi hivyo kwa sababu alirefusha hadithi ya mwingine, wala kwa sababu alikosea njia. Njia alionyeshwa na mwenyewe. Alistahili kwa sababu aliingia nyumba ya mtu akimtukana mwenye nyumba. Mwenzetu wa internati hakumtukana mtu. Aliingia kwa kupenda.

Na mwenye nyumba akiwa amekufa? Hapo ndipo dunia peke yake inabaki kuwa mwamuzi. Mwamerika Edgar Poe aliandika mwaka 1838 safari ya kijana Arthur Gordon Pym katika bahari za kusini. Kitabu kinakatika ghafula: mtumbwi unakimbilia ukungu mweupe, na mbele yake linasimama umbo kubwa la mtu, jeupe kama theluji. Hakuna zaidi. Poe alikufa mwaka 1849. Baada ya karibu miaka sitini tangu kitabu kile, Jules Verne, yule yule wa Nemo, alishindwa kuvumilia. Mwaka 1897 akatoa Le Sphinx des glaces, kuimaliza hadithi ya Poe, akakiweka kitabu wakfu kwa ukumbusho wa Poe. Ndiyo kusema mzee huyo mashuhuri alifanya kazi ile ile ya mvulana mwenye daftari la hesabu! Katika kitabu hicho kuna bahari iliyo wazi kusini kabisa kwa dunia, na humo mlima wenye umbo la sfinksi, ambao ni sumaku kubwa. Sumaku inavuta chuma chochote kinachokaribia, na hapo inakutwa maiti ya Pym, imenaswa kwa bunduki aliyoivaa mgongoni.

Jules Verne alikufa mwaka 1905. Januari 1909 watu watatu wa safari ya Shackleton walifika mahali ambapo sindano ya dira inaelekea chini kabisa, ncha ya sumaku ya kusini. Hawakuona mlima wa sumaku, ila uwanda wa barafu. Tarehe 14 Desemba 1911 Mnorvegia Amundsen, kwa mbwa na magari ya kuteleza, alifika Ncha ya Kusini yenyewe. Hakukuta bahari. Ni nchi kavu iliyofunikwa na barafu nene, na mahali pale pana kimo cha mita 2,800 na zaidi juu ya bahari. Meli ya Verne ingehitaji mabawa.

Je, kitabu cha Verne kichomwe? Hakuna aliyesema hivyo. Bado chasomwa. Ila msomaji mwenye akili anajua anasoma nini: anasoma jinsi watu wa mwaka 1897 walivyolisikia lile giza la kusini, wakati hakuna mguu wa mtu uliokuwa umefika. Jambo hilo halikukanushwa na Amundsen. Lilikuwa kweli mwaka ule, na litabaki kuwa kweli juu ya mwaka ule.

Hata hivyo, hatutaki kumfanya kila mtungaji kuwa asiye na hatia. Kuna ugonjwa mwingine, ulio kinyume cha kuchana daftari. Ni wa yule anayekataa katakata. Ameambiwa, ameonyeshwa, naye bado anasisitiza kwamba mwandishi ndiye aliyekosea, kwamba hadithi "ya kweli" ni hii yake, na anayesoma nyingine ni adui. Huyo alianza kwa kucheza na sasa hachezi tena. Hapo Agostino angeanza kukunja uso, maana sasa mtu huyo anajua, naye anasema kinyume cha ajualo.

Kati ya mchanaji na mkataaji tumeona mfano mmoja uliotupendeza sana. Mwamerika Isaac Asimov, kwa jina la kubuni la Paul French, aliwaandikia vijana vitabu sita vya safari za nyota kati ya mwaka 1952 na 1958. Kimoja, cha 1954, chasimulia bahari za sayari Zuhura, maana wakati ule wataalamu wengi walidhani mawingu yake mazito yanafunika maji. Desemba 1962 chombo Mariner 2 kilipita karibu na sayari hiyo, kikapima joto lake. Leo twajua ni tanuru ya nyuzi 460 na zaidi, hakuna tone la bahari. Vitabu vilipochapwa upya baada ya 1970, Asimov hakuvigeuza, wala hakuvificha. Alitia mbele ya kitabu neno fupi kwa kijana msomaji: nilipoandika, elimu ilisema hivi, sasa imegunduliwa vile. Kisha akamwacha asome na kufurahi.

Na kabla yake sana, Agostino alikwisha kufanya hivyo, tena kwa mambo mazito kuliko hadithi. Karibu na mwaka 427, mzee sasa, alivipitia vitabu vyake alivyoandika maishani, kazi 93, akaandika kitabu kingine cha kuonyesha penye makosa: hapa nilisema ovyo, hapa sikujua bado, hapa nilieleweka vibaya. Miaka mitatu baadaye akafa. Vile vya kwanza vilibaki rafuni. Aliona afadhali watu wamfuate hatua kwa hatua, pamoja na mahali alipojikwaa.

Mara nyingi tumefikiri tungemwambia nini mwenzetu jioni ile, kama tungekuwa na akili. Pengine tungemwambia atie ukurasa mmoja mbele ya daftari: "Sura hizi ziliandikwa kabla L'Île mystérieuse haijafika misioni, na mwandishi hajafika Matadi." Basi. Lakini tulikuwa wavulana, na kucheka kulikuwa kutamu. Kosa la jioni ile lilikuwa letu.

Tulionana naye tena baada ya miaka mingi. Alikuwa amekuwa mwalimu, ana wajukuu. Tukamwomba msamaha, naye hakukumbuka wimbo wetu, au alijifanya hakumbuki. Lakini hadithi aliikumbuka yote. Alisema usiku bado anawasimulia wajukuu, naye huwaambia kwanza kwamba Nemo wa kitabu alikuwa Mhindi, na kwamba huyu ni mwingine, wa babu yao. Na maporomoko? Akasema hilo amelitengeneza: nahodha anaiacha Nautilus pale Matadi. Tukamwuliza kama anapanda treni. Akacheka. "Mwaka 1868? Reli bado. Anakwenda kwa miguu, njia ya wapagazi."

Tukamwuliza amefika wapi sasa. Akasema wajukuu hawamruhusu kwenda mbio. Kila kijiji wanataka kujua amekula nini na amelala kwa nani. Bado hajafika Kinshasa.